Ungo Mtupu wa Bibi Kalunde

Nilifika Tabora siku ya hitima ya Bi Salma. Treni ilikuwa imechelewa, na maziko hayakunisubiri. Wanawake walijaa uani, pilau imeshapakuliwa kwenye masinia, na harufu ya udi ilikuwa imechanganyika na mvuke wa nyama. Nasra, aliyelelewa na Bi Salma tangu mama yake alipofariki, alinishika mkono akanipeleka kwenye kibaraza cha nyuma tukaketi. Sote wawili sasa ni wanawake wa kuvaa miwani na kushika goti kabla ya kuinuka. Tulizungumza habari za watoto, za sukari na shinikizo la damu, nani amekufa na nani amehama. Kisha, bila kunitazama, akasema kwamba kwa kuwa Bi Salma naye ameondoka, tumebaki wawili tu tunaoujua mwaka ule, na kwamba mimi ndiye niliyefundisha watoto wa wenzangu kuandika mpaka nikastaafu. "Uandike, Zaituni," akaniambia, "kabla kila mmoja wetu hajaanza kukumbuka lake." Nimerudi Dodoma, na ninauandika.

Mwaka ule nilikuwa Tabora nikisomea ualimu. Mabweni yalijaa, baadhi yetu tukaambiwa tutafute vyumba mjini, nami nikapata kwa Bi Salma. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, ya kuta nene za udongo zilizopakwa chokaa, yenye mlango mzito wa mbele ambao nakshi zake zilikuwa zimeliwa na jua, na ndani mlikuwa na giza la baridi ambalo hata joto la Oktoba halikulifukuza. Chumba changu kilitazama uani. Kushoto kulikuwa na jiko, kulia kisima kilichofunikwa kwa bati, na mbele yangu kabisa, upande wa pili wa ua, ghala. Ghala halikuwa na dirisha. Bi Salma alituambia kwamba enzi za misafara mizigo ya kwenda na kutoka pwani ilihifadhiwa humo, na wachukuzi waliougua njiani wakalazwa humo humo pembeni ya mizigo. Mizigo iliendelea na safari. Alilisema hilo huku akichambua iliki, kwa sauti ileile aliyotumia kutueleza nani ameposwa na nani.

Watu wake walitoka Omani zamani za mababu, na yeye mwenyewe alikuwa akiuza viungo sokoni, lakini Kinyamwezi alikisema kama aliyezaliwa kijijini Ipole, na wanawake wa vijijini walipokuja kwake asubuhi kununua bizari aliwaamkia "mwangaluka" kabla hawajafungua mdomo. Jioni, baada ya sala ya magharibi, tulikula uani sisi watatu: wali na mchuzi siku njema, ugali wa muhogo na uyoga wa karanga wakati wa mvua, na mara nyingine asali ndani ya kibakuli, nyeusi, yenye ladha ya moshi, ambamo tulichovya mkate wa kumimina. Nasra aliongea, Bi Salma alisikiliza, mimi nilitazama mlango wa ghala. Sijui kwa nini niliutazama. Hakuna aliyekuwa ameniambia niuogope.

Mkufunzi wetu wa fasihi aliitwa Mwalimu Simbila, mwanamume mrefu aliyewahi kukaa Kipalapala akijiandaa kuwa padri kisha akabadili nia. Muhula wa pili alitupa kazi ambayo baadhi ya wenzangu waliicheka. Kila mmoja achague chombo kimoja cha jikoni, akifuate katika ngano, nyimbo, mashairi na vitabu, aone kinatokea wapi na kinafanya nini humo. Mmoja alichagua mwiko, mwingine kinu, mwingine mbuzi ya kukunia nazi. Mimi nilichagua ungo, kwa sababu ulikuwa umetundikwa jikoni mbele ya macho yangu nilipokuwa nikifikiria.

Niliusaka kwa bidii. Katika kitabu cha kwanza cha kusomea cha watoto niliukuta kwenye picha, mama ameketi akipepeta mchele, kuku wanamzunguka. Katika ngano niliyosimuliwa na muuza mihogo, mke mdogo aliagizwa na wivu wa mke mkubwa akateke maji kwa ungo, akaenda mtoni na hakuonekana tena, ila ungo ulirudi peke yake ukiwa umejaa. Katika mashairi ya mapenzi mwanamume alilalamika kwamba amepetwa na kutupwa pamoja na pumba. Wanawake waliponieleza habari za unyago walicheka kwanza, kisha wakanieleza kwa nini msichana aliyekua husemwa amevunja ungo. Na katika hadithi za magazetini, ambazo mji mzima ulikuwa ukizisoma, ungo haukuwa na mchele kabisa. Ulikuwa chombo cha kusafiria. Vikongwe wenye macho mekundu walipanda juu yake na kuruka hadi mikoa ya mbali, wakala walichokula, na wakaanguka alfajiri uchi karibu na reli. Nilikusanya wanaoruka wengi mno, nikajiona nimefanya kazi kubwa. Mwalimu Simbila alisoma rasimu yangu nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, akanirudishia. "Umewataja wote wanaoruka," akasema. "Aliyeketi chini akipepeta yuko wapi? Nenda ukamwone." Nimewauliza wanafunzi wangu swali hilo karibu kila mwaka niliofundisha, na hakuna niliyemweleza nililitoa wapi.

Sikwenda mbali. Wiki zileile Bibi Kalunde alikuwa ameshafika. Alitoka Ipole na binti yake Nyamizi, aliyelazwa hospitalini Kitete kwa ugonjwa wa muda mrefu wa kifua, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini, mnunuzi mmoja wa asali alimleta kwa Bi Salma. Vyumba vilikuwa vimejaa sisi na magunia ya viungo. Bi Salma alimfagilia ghala, akamtandikia mkeka, na kumwomba radhi kwa kukosa dirisha. Bibi Kalunde alisema kwake pia hakuna dirisha. Alikuwa mwembamba, mgongo umeinama, na macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kukausha tumbaku kwenye moshi. Asubuhi alipeleka uji Kitete. Akirudi, aliketi mlangoni pa ghala akisuka nyungo, au akiwapepetea mchele wanawake wa sokoni, nao wakamwachia chakula. Kiswahili chake kilikuwa kichache na chenye adabu. Kila nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba mjukuu wangu, akanishika kidole kimoja badala ya mkono mzima.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa Fundi Rajabu, mshona nguo, mtu mpole, mwenyeji wa mji huo kwa vizazi. Alikuwa na mke kijana na mtoto mmoja, Sauda, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mlango wa ua ukiachwa wazi, Sauda aliingia kwetu akayumbayumba moja kwa moja hadi kwa Bibi Kalunde na kuketi kwenye rundo la pumba, na bibi alimpulizia pumba usoni taratibu, mtoto akafumba macho na kucheka. Mama Sauda akija kumchukua alikaa kidogo. Wanawake wale wawili walikuwa na maneno machache ya kugawana, lakini walikaa.

Siku moja baada ya adhuhuri mimi na Nasra tulikuwa peke yetu nyumbani. Bi Salma alikuwa sokoni na Bibi Kalunde alikuwa Kitete. Jua lilikuwa kali, ua mweupe, hata kuku wamejificha. Nilikuwa nikisuka nywele za Nasra kwenye kivuli cha jiko tuliposikia mtu akipepeta. Yeyote anayeijua sauti ile hawezi kuikosea: punje zinarushwa, zinatua zote pamoja, kimya kifupi, zinarushwa tena, kisha vidole vinagonga ukingo ili pumba zisogee mbele. Ilitoka ghalani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba upande wa nje, kama bibi alivyouacha. Mikono yangu ilisimama kichwani mwa Nasra, naye hakuniuliza kwa nini. Tulikaa vile mpaka sauti ikakoma yenyewe, bila kuharakisha, kama kazi iliyokwisha. Ndipo tukaenda tukafungua kamba. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Ungo wa bibi ulikuwa umeegemezwa ukutani. Sakafu ilikuwa imefagiwa, na hapakuwa na punje hata moja. Kitu pekee nilichokihisi ni hewa, ilikuwa ya uvuguvugu, kama chumba ambacho watu wametoka sasa hivi. Tulifunga kamba, tukarudi kivulini, nikamalizia nywele.

Baada ya hapo nilianza kumtazama Bibi Kalunde vizuri zaidi. Niligundua kwamba kila siku, akishatoka Kitete na kabla hajagusa mchele wa mtu, alichukua ungo wake mtupu, akaketi kizingitini akaelekea upande wa hospitali, akaurusha kana kwamba umejaa, huku midomo yake ikisema jina la binti yake. Nilijipa moyo nikamuuliza, nikisingizia masomo. Alinitengea nafasi kizingitini. Kisha akanieleza, nusu Kiswahili na nusu Kinyamwezi, na Bi Salma, aliyekuwa akikaanga bizari karibu, akinitafsiria pale nilipokwama. Kwao, katika ukoo wa mama yake, mtu alipoondoka na msafara kwenda pwani, mama yake alibaki akipepeta ungo mtupu mlangoni kila siku na kuliita jina lake, ili jina lisidondoke njiani. Aliye njiani akiwa hai, ungo huwa mwepesi. "Na akifa?" nikauliza. Bibi Kalunde aliutazama ungo. "Unakuwa mzito," akasema, "hata kama hamna kitu."

Jioni ile nilishindwa kula. Bi Salma aliona, akamtazama na Nasra, ambaye naye alikuwa akichezea tonge, akasubiri. Nasra ndiye aliyesema tulichosikia ghalani. Nilitegemea Bi Salma atacheka au atasoma dua. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema ameisikia tangu alipoolewa katika nyumba ile, si kila mwaka, na kwamba mume wake naye aliisikia utotoni. Akavuta sahani yake. "Waliolala humo walikuwa na mama," akasema. "Wanaitwa mpaka hapa walipoishia." Kisha akatuambia tule, chakula kinapoa.

Mvua zilipokaribia kwisha, Sauda alishikwa na homa kali, ikaja na degedege, na kabla ya siku nyingine kupambazuka alikuwa amefariki. Wanaume walimzika siku hiyohiyo. Mama Sauda alibaki ndani na kanga kichwani kama ilivyo desturi yetu, wanawake tusiende makaburini, na kilio chake kilipita ukutani hadi chumbani kwangu, kisha kikakoma, na kule kukoma kulitisha kuliko kilio. Bibi Kalunde alikwenda kumpa pole, akarudi mapema. Hakuna aliyemkaribisha kuketi.

Maneno yalianza kwenye kibaraza cha cherehani cha Fundi Rajabu, pale wateja walipokuwa wakisomeana gazeti kwa sauti. Hadithi ya mfululizo ya miezi ile ilikuwa ya kikongwe na ungo wake. Nilipita pale nikielekea chuoni, nikasikia msomaji akisimama kwenye sentensi, na wengine wakigeuka kutazama mlango wetu. Siku ya pili nikasikia mmoja akisema yule bibi anapepeta ungo mtupu, amemwona kwa macho yake. Mwingine akauliza anapepeta nini. Fundi Rajabu alikuwa akiendesha cherehani bila kitambaa chini ya sindano. Nilimwambia Mwalimu Simbila kwamba nimempata anayeketi, na kwamba naogopa watamuua. Niliona uso wake ukibadilika. Alisema atakuja mwenyewe kuzungumza na watu wa mtaa Ijumaa. Walikuja wao kabla ya Ijumaa.

Ilikuwa baada ya alasiri. Fundi Rajabu alikuwa mbele, nyuma yake wanaume wa kibarazani na wengine nisiowajua, na mmoja alikuwa ameshika mpini wa jembe. Hawakupiga kelele. Bi Salma alitoka akasimama mlangoni, mikono yake ikiwa bado na unga. Fundi Rajabu alimwamkia kwa heshima, shikamoo mama, naye akaitikia. Kisha akasema kwamba hawana ugomvi naye, wanamtaka mgeni wake awaeleze ule ungo mtupu ni wa nini. Bi Salma alisema mgeni wake amelala. Lakini nyuma yetu Bibi Kalunde alikuwa ameshatoka ghalani, ungo mkononi, na alipita kati yangu na Nasra akaja kuketi kizingitini, miguu ameinyoosha, mbele ya watu wale wote. Alisema kwa Kinyamwezi, na Bi Salma alitafsiri kwa sauti kavu: anamwita mtoto wake aliye Kitete asije akaenda. Hana jingine.

"Atuonyeshe," akasema Fundi Rajabu.

Nilimshika Nasra mkono, kwa sababu nilijua kinachoweza kusikika. Bibi Kalunde aliurusha ungo. Nyamizi, akasema. Nikasikia punje. Zilipaa, zikatua zote pamoja, kimya kifupi, zikapaa tena, nyingi, kama mavuno ya shamba zima, na ungo ulikuwa mtupu, niliuona chini yake mpaka msuko. Niliwatazama wanaume wale nikingoja mpini uinuliwe. Nyuso zao hazikubadilika. Walikuwa wakimtazama mwanamke mzee akitikisa kifaa kisicho na kitu, na wengine walianza kutazama chini. Kisha nikahisi kucha za Nasra zikiingia kwenye kiganja changu, nikajua kwamba anasikia ninachosikia. Bi Salma alikuwa amefumba macho.

Mama Sauda alitokea nyuma ya wanaume, akawapenya. Sikuwa nimemwona tangu msiba; alikuwa amebaki mifupa na macho. Alisimama mbele ya Bibi Kalunde, na tulidhani atampiga. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekauka koo, kama naye angejua kuita hivyo, mtoto wake angebaki?

Bibi Kalunde aliuweka ungo mapajani. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, akitafuta kila neno. "Ulimwita. Mama yeyote anaita. Na hawa wote wanamwita mpaka leo, kila wakikusalimu 'Mama Sauda'."

Mama Sauda aliketi pale pale chini kama mtu aliyekatwa miguu, akaegemea bega la bibi. Fundi Rajabu aligeuka akawaambia wenzake waende nyumbani. Mwenye mpini aliuacha ukiwa umeegemea ukuta wetu, akaondoka mikono mitupu, na hakurudi kuuchukua. Sisemi kwamba mtaa mzima ulibadilika. Wapo walioendelea kuvuka barabara wakimwona bibi, na ile hadithi ya gazetini iliendelea hadi mwisho wake na watu waliinunua. Lakini tangu siku ile Mama Sauda alikuja uani kila asubuhi, akafuatana na bibi hadi Kitete, akibeba chombo cha uji.

Halafu ikaja asubuhi moja, jua limeshaanza kugusa bati la kisima. Nilikuwa nikipiga mswaki. Bibi Kalunde alitoka ghalani mapema kuliko kawaida yake, akaketi kizingitini, akashika ungo kwa mikono miwili. Haukuinuka. Alijaribu tena, na niliona mishipa ya shingo yake ikisimama. Kisha akaulaza chini taratibu, akaufunika kwa kanga, akamwita Bi Salma amsaidie kufunga mizigo. Nilisogea nikitaka kumwambia kitu, na vidole vya mguu wangu vikagusa ukingo wa ungo ule. Sikuinama kuuinua. Mtu wa hospitali alipokuja na habari, bibi alikuwa ameshavaa, ameketi juu ya furushi lake akimsubiri.

Fundi Rajabu ndiye aliyeshona sanda ya Nyamizi. Hakuna aliyemwomba. Alifunga kibaraza, akakata kitambaa cheupe, akakishona akiwa amewapa mgongo watu wa barabarani. Tulipata lori la tumbaku lililokuwa likirudi Ipole tupu, na dereva alikubali. Bi Salma aliniambia niende na bibi, asisafiri kama asiye na mtu. Tulipokuwa tukimpandisha Nyamizi, Mama Sauda alikuja na kifurushi kidogo, akaanza kupanda. Mumewe alimshika mkono akamuuliza, kwa sauti ya chini, anakwenda wapi. "Wangu sikufika kaburini kwake," akasema. "Huyu nitamfikisha." Fundi Rajabu alimwachia. Akavua koti lake, akalitandika juu ya mbao za lori ili mkewe aketi, akarudi nyuma barabarani.

Njia ya Ipole ilipita kwenye miombo, mizinga ya nyuki ikining'inia juu ya miti, na vumbi likatufanya sote rangi moja. Tulimzika Nyamizi jioni, nyuma ya nyumba ya mama yake. Kwa desturi ya pale wanawake walifika kaburini pamoja na wanaume, na kila mmoja aliombwa kutia udongo kwa mkono. Bibi Kalunde alitia wake, akasogea. Nilitia wangu. Mama Sauda alipiga magoti akatia, akatia tena, na tena, kwa mikono yote miwili, na watu waliokuwa na majembe walisimama wakimngoja. Hakuna aliyejua la kumfanya. Mwishowe Bibi Kalunde alirudi, akainama kwa shida, akamshika viganja vilivyojaa udongo, akamwambia inatosha, ameshafika.